Kazi Moja, Mifuko Miwili: Historia ya Ujira wa Watumishi wa Muda katika Utumishi wa Umma, kwa Mtazamo wa Kharumwa, Wilaya ya Nyang'hwale

1.0 Utangulizi

Mwezi Machi 2012 Serikali ya Tanzania iliunda Mkoa wa Geita kwa kumega maeneo ya mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Katika mabadiliko hayo Wilaya ya Nyang'hwale ilitengwa na Wilaya ya Geita, na Kharumwa ikawa makao makuu yake. Mahali palipojulikana kwa mpunga, pamba, mifugo na uchimbaji mdogo wa dhahabu palitakiwa kuwa na ofisi ya mkurugenzi, idara za elimu na afya, watunza kumbukumbu, madereva, walinzi na wakusanya ushuru. Kazi hizo hazikuwa za kusubiri. Jengo la umma huhitaji ulinzi tangu usiku wa kwanza, ushuru hukusanywa kila siku ya gulio, na mtoto aliyekwisha kuandikishwa shule huhitaji mwalimu.

Watumishi, kwa upande wao, hupatikana kwa utaratibu mrefu. Halmashauri hupanga ikama yake, huomba kibali cha ajira, kisha hungoja fedha za mishahara zitengwe katika bajeti ya serikali kuu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,739,530 katika Mkoa wa Geita. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 2,977,608. Mahitaji ya huduma yalikua kwa kasi ambayo vibali havikuweza kuifuata. Kati ya kazi isiyosubiri na kibali kinachosubiriwa ndipo anapoingia mtumishi wa muda: kibarua, mwalimu wa kujitolea, mhudumu wa afya wa jamii, mlinzi anayelipwa na kamati ya shule.

Makala hii inachunguza asili ya tofauti ya ujira kati ya mtumishi huyo na mwenzake wa kudumu anayefanya kazi ileile. Hoja yake kuu ni kwamba tofauti hiyo ina historia ndefu kuliko wilaya yenyewe, na kwamba imedumu kwa kubadili sababu zake. Katika enzi ya ukoloni sababu ilikuwa rangi. Baada ya Uhuru ikawa cheti. Tangu miaka ya 1990 imekuwa mfuko unaotoa malipo. Katika vipindi vyote vitatu kilichopimwa ni hadhi ya mtu au asili ya fedha. Kazi yenyewe haikupimwa.

2.0 Kibarua na Karani katika Enzi ya Ukoloni

Neno kibarua lenyewe lina kumbukumbu ya jambo hili. Limetokana na barua, yaani kile kijikaratasi kilichothibitisha kazi ya siku. Zanzibar ya karne ya 19 iliwajua vibarua kama watumwa waliokwenda kufanya kazi za kutwa kwa watu wengine na kumpelekea bwana sehemu ya ujira. Utawala wa kikoloni Tanganyika ulirithi dhana ya mtu anayelipwa kwa siku na kuipa umbo jipya la kipande, kadi iliyohesabu siku 30 za kazi kabla ya malipo kukamilika. Mwenye kipande alihesabiwa kwa siku zake, ilhali karani alihesabiwa kwa cheo chake.

Mgawanyiko huo ulionekana hata katika vyama vya mwanzo vya Waafrika waliotumikia serikali. Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika, kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922 chini ya uongozi wa Martin Kayamba, kilikuwa chama cha makarani na walimu. Madai yake yalihusu heshima, elimu na masharti ya kazi ya watu wenye kalamu. Waliochimba mitaro ya barabara za serikali au kubeba mizigo ya maofisa hawakuwa wanachama wake. Hivyo, tangu mwanzo, sauti iliyodai haki katika utumishi wa umma ilitoka upande mmoja tu wa mstari.

Juu ya mgawanyiko huo uliwekwa mwingine, wa rangi. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar mwaka 1947 na 1948, ilikubali kanuni ya tatu kwa tano: asiye Mzungu alistahili takribani asilimia 60 ya mshahara wa Mzungu katika kazi inayofanana. Tume ya Lidbury iliikataa kanuni hiyo mwaka 1954 na kupendekeza ngazi za mishahara zisizotaja rangi. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa kisheria. Hata hivyo, tume zote mbili zilijadili watu waliokuwa tayari ndani ya ngazi za mishahara. Kibarua wa Idara ya Ujenzi hakuwa na ngazi. Kwa hiyo kufutwa kwa kanuni ya rangi hakukumgusa moja kwa moja.

Uchumi wa ukanda wa Ziwa uliipa hali hiyo uhalali wake. Issa Shivji, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria, dola na tabaka la wafanyakazi nchini Tanzania, anaeleza jinsi ujira wa kikoloni ulivyopangwa kwa kumtazama mfanyakazi kama mtu mmoja asiye na familia, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mke na watoto walilishwa na shamba la nyumbani. Usukumani dhana hiyo ilionekana kuwa ya kweli kwa sababu pamba na ng'ombe vilikuwepo. Aliyekwenda kufanya kibarua katika mgodi wa dhahabu wa Geita, uliofanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, au katika barabara za serikali, alihesabiwa kuwa mkulima anayeongeza kipato. Shamba la familia, kwa maneno mengine, lilimchangia mwajiri. Hoja hii inapaswa kukumbukwa, kwa sababu itarudi baadaye kwa maneno mengine.

Njia ya kuuvuka mstari ilionyeshwa na wafanyakazi wa bandari. Mgomo ulioanza katika bandari ya Dar es Salaam Septemba 1947 ulienea katika reli na kwa wafanyakazi wengine nchini. Pamoja na nyongeza ya ujira, tokeo lake la kudumu lilikuwa kuandikishwa kwa makuli: mtu aliyekuwa akichaguliwa langoni kila asubuhi sasa alikuwa na jina katika daftari. Kuandikwa huko hakukuleta usawa kwa mara moja, lakini kulimfanya mfanyakazi ajulikane, na anayejulikana anaweza kudai.

3.0 Uhuru na Utawala wa Cheti

Serikali ya Uhuru ilianza kwa kuvunja dhana ya ujira wa mtu mmoja. Bodi ya kima cha chini iliyoongozwa na Donald Chesworth ilipendekeza mwaka 1962 viwango vilivyozingatia mahitaji ya familia, na viwango hivyo vilianza kutumika mwaka 1963. Ujira ulipanda. Hata hivyo ajira ya ujira ilipungua katika miaka iliyofuata, hasa katika mashamba ya mkonge, ambako waajiri walipunguza watu wengi na kubaki na wachache wa kudumu. Fundisho hilo ni gumu, na mtafiti yeyote wa usawa wa ujira hana budi kulikabili: kupandisha malipo bila kupanga idadi ya nafasi huweza kumwinua anayebaki na kumwangusha anayeondolewa.

Tofauti mpya ilizaliwa katika elimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, na lengo likawa kufikiwa kwake mwaka 1977. Vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa maelfu, wakafundisha huku wakisomea ualimu kazini. Bila wao shule za vijijini zisingefunguliwa. Hata hivyo walijulikana kwa jina la walimu wa UPE, jina lililobaki kuwa alama ya daraja la chini hata pale darasa lilipokuwa na watoto walewale na muhtasari uleule. Taifa lilifikia lengo lake kwa kutumia watu ambao baadaye liliwaona kuwa pungufu.

Cheti kiliendelea kupata uzito. Kuanzia tarehe 20 Mei 2004 elimu ya kidato cha nne ilikuwa sharti la kuajiriwa serikalini. Uhakiki ulioanza mwaka 2016, chini ya Rais John Magufuli, aliyetoka Chato katika mkoa huohuo wa Geita, uliligeuza sharti hilo kuwa panga. Aprili 2017 ilitangazwa kwamba watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wengine, wakiwamo madereva na watendaji wa vijiji, waliondolewa kwa kuwa na elimu ya darasa la saba tu. Aprili 2018 Serikali iliagiza warejeshwe wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004.

Kughushi cheti ni kosa, na kuadhibiwa kwake hakuna utata. Suala la kihistoria liko kwingine. Uhakiki ulikwenda pamoja na kusimamishwa kwa ajira mpya katikati ya mwaka 2016, na kazi za walioondoka hazikuondoka nao. Pale ambapo hapakuwa na kibali cha kumwajiri mtu mwenye sifa, palipatikana mtu wa muda, mara nyingi asiye na sifa zilezile zilizomwondoa mtangulizi wake. Cheti kilizuia kuingia katika nafasi lakini hakikuzuia kuingia katika kazi.

4.0 Mfuko Unaolipa

Sababu ya tatu ndiyo inayotawala leo. Mageuzi ya utumishi wa umma yaliyoanza mwaka 1993 yalilenga kupunguza idadi ya watumishi na gharama za mishahara. Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 iliweka msingi mpya wa ajira kwa sifa na ushindani, na marekebisho ya mwaka 2007 yakaanzisha Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mfumo huu ulipunguza upendeleo, lakini uliweka pia ukuta kati ya aina mbili za fedha. Watumishi walioidhinishwa hulipwa na Hazina kupitia orodha ya mishahara ya serikali kuu. Wasiokuwamo hulipwa kutoka katika mapato ya ndani ya halmashauri, au katika michango ya wazazi na wanakijiji.

Mapato ya ndani yenyewe yalipungukiwa na nguvu pale kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003. Kwa halmashauri za ukanda wa dhahabu, ushuru wa huduma unaotozwa kwa mauzo ghafi umekuwa nguzo muhimu. Mgodi wa Bulyanhulu, kwa mfano, hulipa ushuru huo kwa halmashauri za Msalala na Nyang'hwale. Hata hivyo fedha hizo hupanda na kushuka kwa bei ya dhahabu na kwa hali ya mgodi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani imetengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sehemu nyingine kubwa huelekezwa katika miradi ya maendeleo. Kinachobaki ndicho kinachogombewa na mafuta ya magari, vikao vya madiwani, shajala na posho za vibarua.

Michango nayo ilibadilika. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika elimumsingi kuanzia Januari 2016. Kwa wazazi maskini hiyo ilikuwa nafuu ya kweli, na madarasa yalijaa. Lakini michango hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlipa mlinzi wa shule na mwalimu wa kujitolea. Ruzuku iliyochukua nafasi yake ilikusudiwa uendeshaji wa shule, si mishahara. Wanafunzi waliongezeka katika mwaka uleule ambao njia ya kumlipa msaidizi wa mwalimu ilizibwa.

Matokeo yake yanaonekana kila serikali inapopandisha mishahara. Kima cha chini katika utumishi wa umma kilipanda kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, na Mei Mosi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza nyongeza ya asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai. Nyongeza hizo hupita katika orodha ya mishahara. Mtu anayelipwa posho nje ya orodha hiyo huzisikia katika redio. Bei sokoni humpanda sawa na jirani yake, lakini malipo yake hubaki palepale mpaka kikao cha halmashauri au cha kijiji kiamue vinginevyo.

Tofauti haiishii katika fedha za mwezi. Mtumishi wa kudumu huchangiwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Ana likizo ya mwaka, likizo ya ugonjwa na ya uzazi. Anayelipwa posho bila mkataba hupoteza malipo anapougua, na miaka yake ya kazi haijumlishwi popote. Anapozeeka hana hati inayoonyesha kwamba aliwahi kuutumikia umma. Hapa ndipo shamba la nyumbani linaporudi katika hoja. Kama ilivyokuwa kwa kibarua wa miaka ya 1930, hudhaniwa kwamba mpunga, mifugo au duara la dhahabu litamtunza. Katika Kharumwa ya leo, kama katika Usukuma wa ukoloni, familia ya mkulima inaendelea kuichangia serikali.

5.0 Sheria Inasema Nini

Katiba ya Jamhuri ya Muungano haina kigugumizi. Ibara ya 23, iliyoingizwa pamoja na haki za binadamu mwaka 1984, inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi wa aina yoyote. Tanzania iliridhia mwaka 2002 Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu usawa wa ujira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwamo rangi, kabila, jinsia, dini, ulemavu na umri, na inamtaka mwajiri kuhakikisha usawa wa ujira kati ya wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa.

Orodha hiyo ndefu haitaji aina ya mkataba. Mwanamke anayelipwa chini ya mwanamume ana kifungu cha kushika. Mhudumu wa muda anayelipwa chini ya mhudumu wa kudumu hana kifungu kinachomtaja waziwazi. Aidha, sheria hiyo, kama ilivyotungwa, iliruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na mameneja tu. Mfagiaji au mlinzi anayefanyishwa kazi miezi mitatu baada ya miezi mitatu hana nafasi iliyo wazi katika mgawanyo huo.

Upo mlango mmoja ambao haujatumika vya kutosha. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo, ikiwa pamoja na mambo mengine amemfanyia kazi mwajiri kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa kipimo hicho, wengi wanaoitwa watu wa kujitolea wangeweza kuhesabiwa kuwa waajiriwa. Lakini marekebisho ya mwaka 2016 yanamtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia za malalamiko zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kwenda katika vyombo vya sheria za kazi. Mtu wa muda hukabiliwa kwanza na swali kama yeye ni mtumishi wa umma au la, kabla hata ya kuulizwa alilipwa kiasi gani.

Nchi jirani zimelijibu swali hili kwa namna tofauti. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaruhusu ajira ya kibarua igeuke ajira ya mwezi pale anapofanya kazi mfululizo kwa kipindi cha angalau mwezi mmoja. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi jijini Nairobi iliamua kwamba kuwatumia walimu waliohitimu na kusajiliwa kama walimu wa mafunzo, kwa malipo pungufu, kulikiuka haki zao za kazi. Afrika Kusini, kwa marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2015, inamtaka mwajiri asimtendee mfanyakazi wa muda wa kipato cha chini vibaya kuliko wa kudumu anayefanya kazi ileile baada ya miezi mitatu, isipokuwa kuna sababu ya haki. Tofauti kati ya sheria hizo na ya Tanzania ni ndogo kwa maneno lakini kubwa kwa matokeo: huko muda wa kazi huzaa haki.

6.0 Pingamizi na Hitimisho

Pingamizi kubwa dhidi ya usawa wa ujira linastahili kujibiwa kwa uzito wake. Halmashauri yenye mapato madogo ikilazimishwa kumlipa kila mtu wa muda sawa na wa kudumu, huenda ikawaacha wengi. Shule ikabaki bila mlinzi na zahanati bila mhudumu. Uzoefu wa miaka ya 1960 unaonyesha kwamba hofu hiyo haikutungwa.

Hata hivyo pingamizi hilo linachukulia kwamba mfuko wa halmashauri ndio pekee unaopaswa kubeba mzigo. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha vinginevyo. Mtumishi wa muda wa Kharumwa hujaza nafasi ambazo ikama ya Serikali yenyewe imekiri kuwa zinahitajika. Pungufu ya ujira wake ni gharama ya serikali kuu iliyohamishwa kimyakimya kwenda kwa halmashauri, kutoka halmashauri kwenda kijijini, na kutoka kijijini kwenda nyumbani kwake. Kinachoitwa uhaba wa fedha ni, kwa sehemu kubwa, uamuzi kuhusu nani alipe.

Wafanyakazi wa bandari wa mwaka 1947 wanaonyesha hatua ya kwanza, nayo ni daftari. Leo ikama huonyesha nafasi zilizojazwa na zilizo wazi. Haionyeshi nafasi zilizo wazi ambazo kazi yake inafanyika. Kuwapo kwa safu hiyo ya tatu, yenye jina la anayeifanya kazi, tarehe aliyoanza na malipo yake, kungewezesha miaka yake ihesabiwe katika uzoefu wakati wa ajira na michango yake ianze katika hifadhi ya jamii. Kungeonyesha pia, halmashauri kwa halmashauri, umbali uliopo kati ya Ibara ya 23 na malipo ya mwisho wa mwezi. Kanuni ya tatu kwa tano iliweza kukataliwa mwaka 1954 kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Tofauti ya sasa haijaandikwa mahali popote, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya idumu.